Kutembezwa Fort Jesus: Wareno kibao, Wamazrui kiduchu

Mimi mtu wa Mombasa kabisa lakini Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Wareno, mara ya mwisho niliingia nikiwa darasa la sita, kwahiyo wiki jana binamu zangu walipokuja kutoka Nakuru nikaona tuchukue mtu atutembeze. Tukampata kijana hapo nje, tukapatana bei (tiketi mbali, hiyo unalipa mlangoni) tukaingia.

Mdomo anao, hilo nampa. Ila saa nzima ni Wareno tu, Wareno walianza kujenga 1593, Wareno walizingirwa 1696 mpaka Desemba 1698 njaa na maradhi yakawamaliza, mara mizinga mara kuta, haya sawa. Tulipofika kwenye ukumbi wa Wamazrui, ule wenye benchi za mawe, akasema hawa walikua Waarabu waliowekwa na Sultani wa Zanzibar, huyoo kashapita. Dakika mbili! Na zenyewe kakosea.

Maana utamu wote wa ile ngome uko hapo. Wamazrui walikua kabila dogo tu kutoka Oman, walipewa uliwali (ugavana) wa Mombasa na Wayaarubi, ukoo uliotawala Oman na kuwatoa Wareno. Miaka ya 1740 Wayaarubi wakaangushwa kwao, nchi ikashikwa na Ahmad bin Said Albusaidi ambaye naye alikua liwali tu, wa Sohar. Basi liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman, akapiga hesabu zake: liwali mwenzangu kajifanya imamu, yaani mtawala wa Oman, mimi nani anikataze? Akagoma kumtambua. Ahmad akatuma watu wakamuua, nduguye Ali bin Uthman akatoroka, kisha akarudi na watu wa Kilindini wakaichukua ngome tena. Toka hapo karibu miaka 90 Wamazrui na Mabusaidi, ukoo wa Ahmad, hawapikiki chungu kimoja. Mwaka 1824 Wamazrui wakatundika bendera ya Mwingereza ili Seyyid Said, Mbusaidi aliyetawala Oman na Zanzibar, asiwachukulie mji, na Mwingereza akawatupa 1826. Said alikuja kuupata 1837, tena kwa vile Wamazrui wenyewe walikua wakigombea kiti. Wakubwa wao wakakamatwa wakapakiwa chomboni hadi Bandar Abbas huko Uajemi, wengine wakahamia Gazi na Takaungu. Muyaka, aliyekua akiwatungia mashairi zama zile, naye hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Haya sikuyapata kwa yule kijana. Tulipotoka tulikaa kwa muuza kahawa Old Town, kahawa chungu na halua, tunalalamika zetu, mzee wa pembeni akaweka kikombe chini: "Wanangu, hao hawakuwekwa na Zanzibar, hao ndio waliokua wakipigana nayo." Nusu saa nzima, vidole vinapanga vikombe juu ya benchi, hiki Maskati (Oman), hiki Mombasa, hiki Mwingereza, na shilingi hakutaka. Akatuelekeza na makaburi ya Wamazrui karibu na ngome, alikozikwa Profesa Ali Mazrui 2014. Tulikua tushayapita na kijana yuko mbele anaongea na simu.

Ngome yenyewe 5/5, nenda asubuhi, saa saba jua la kule juu ukutani halina huruma. Kijana 2/5, na moja katika hizo ni ya kutubebea mtoto kwenye ngazi. Mkipatana bei mwambieni mapema aanzie kwa Wamazrui, akianza kujiumauma tafuteni mwingine. Halua 5/5, binamu kaondoka na kilo mbili.