Kusahihisha Kiingereza Kampala: nini ununue, nini ukipite

Mwaka niliomaliza chuo nilipeleka ripoti yangu kwenye duka moja la kutaipu Wandegeya, usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi. Kijana wa kompyuta akanituliza: "Usijali ssebo (bwana), nimepitia yote." Kupitia alipitia kweli. Mashine yake ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, akabonyeza kitufe cha kubadilisha vyote kwa mpigo, na Ministry of Gender, Labour and Social Development ikawa wizara ya "Labor" tangu jalada hadi marejeo. Nililipia kuchapa mara mbili na kujalidi mara mbili.

Tangu hapo nimenunua karibu kila aina ya msaada wa kusahihisha unaopatikana mjini hapa, kwa kazi zangu na za Watanzania na Wakenya wenzangu wanaosoma Kansanga na Makerere. Nimeipanga orodha hii kwa swali moja tu: shilingi unayoitoa inakuondolea makosa mangapi ambayo bure usingeyaona?

Nikisema bure, naanza na jambo la dakika moja. Kiingereza cha ofisi na shule za Uganda ni cha Uingereza. "Color" na "center" zilienea Marekani kwa juhudi za Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, na kompyuta nyingi zinakuja zikiwa upande wake. Kwenye Word bonyeza Ctrl na A kuchagua maandishi yote, ingia Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, uteue Kiingereza cha United Kingdom. Fanya hivyo kabla hujatoa hata mia tano mfukoni.

Nafasi ya kwanza: mhariri, yaani mtu

Ni ghali kuliko vyote hapa, na bado namweka juu. Programu ya tahajia kimsingi inakagua kama neno lipo kwenye kamusi yake. Haijui ulitaka kusema nini. Sasa tazama tunapoishi. Katika Luganda, r huandikwa baada ya e na i, kwingine kote ni l, kwa hiyo sauti hizo mbili hubadilishana nafasi midomoni, na kutoka mdomoni hushuka hadi kwenye karatasi. "Pray" inakuwa "play", "road" inakuwa "load", "correct" inakuwa "collect". Yote ni maneno halali, hakuna mstari mwekundu. Sitaeleza linalotokea kwa "election".

Sisi wa Kiswahili tuna yetu. "Yeye" haina jinsia, kwa hiyo daktari mmoja anaanza aya akiwa "he" na kuimaliza akiwa "she". "Kuazima" ni kutoa na kupokea, ndiyo maana tunaandika "borrow me". Mhariri anayeishi Afrika Mashariki anajua mahali pa kuyawinda haya kabla hajafungua faili.

Usimwajiri kwa sifa za rafiki. Mpe ukurasa mmoja ulimopanda makosa sita kwa makusudi: "practice" inapotakiwa "practise" kama kitenzi, "principle" kwa mkuu wa shule badala ya "principal", "stationary" kwa vifaa vya kuandikia (hili nimelikuta hata kwenye kibao cha steshenari yenyewe), "manger" badala ya "manager", "form" badala ya "from", na l moja iliyokaa penye r. Akipata manne, zungumza naye. Akipata yote sita, usibishane sana na bei. Akikurudishia ukurasa umeandikwa upya kwa maneno yake, mwache. Huyo hajasahihisha, amekutungia, na mbele ya msimamizi wa utafiti wewe ndiye utakayeulizwa.

Patana mapema kazi ni ipi. Kusoma prufu ni tahajia, vituo na herufi zilizoruka. Kuhariri ni kugusa sentensi na mpangilio, na bei yake ni nyingine. Patana kwa idadi ya maneno, si kwa kurasa, kwa sababu ukurasa unaweza kubanwa au kutanuliwa. Dai pia arudishe faili yenye alama za mabadiliko, uone kila alichogusa.

Nafasi ya pili: kamusi ya karatasi

Najua, unacheka. Lakini Oxford Advanced Learner's, iliyochapwa Oxford kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilitungwa kwa ajili ya watu wasiozaliwa na Kiingereza. Inakuonyesha kwamba "equipment" na "advice" hazina wingi, jambo ambalo lingeokoa nusu ya barua za kuomba kazi nilizosoma. Toleo la kumi lilitoka 2020, ila kwa tahajia tu toleo la zamani la mtumba linatosha kabisa. Tahajia haikimbii. Kagua nakala ya mitaani ukiwa umesimama palepale: fungua herufi S, ndiyo ndefu kuliko zote, uone kama kurasa zimefuatana na wino haujapakaa. Vile vikamusi vya mfukoni visivyo na mifano ya sentensi viache.

Tahadhari moja. Oxford hutanguliza "organize" kwa z, magazeti mengi ya Uingereza huandika "organise", na Word ya Uingereza inakubali zote mbili. Ukianza na s ukamaliza na z, mashine itanyamaza. Chagua moja. Lakini "supervise" na "advertise" hazichukui z kamwe, na majina rasmi hubaki yalivyo: International Labour Organization ina u na z kwa pamoja, na Centers for Disease Control ya Marekani usiihamishie "centre".

Nafasi ya tatu: programu za bure

LanguageTool, iliyoanza 2003, na Grammarly ya bure, zote zinafaa kwa barua pepe na kazi za kila siku, mradi uziambie unataka Kiingereza cha Uingereza. Zitapiga mstari kila Nakawa, kila matooke na kila jina la ukoo. Vumilia, usikubali mapendekezo kwa mkumbo. Zinakula bando, na maandishi yako yanasafiri hadi kwenye kompyuta za watu wengine, kwa hiyo mikataba na siri za mwajiri usizipitishe huko.

Ya nne ni Grammarly ya kulipia. Si mbaya. Ila bei ni ya dola, huku wengi wetu pesa ziko kwenye simu, na inachoongeza ni ushauri wa mtindo zaidi kuliko tahajia. Ukiwa na tasnifu, lipia mwezi mmoja ufute.

Akili mnemba ya aina ya ChatGPT naiweka ya tano, ingawa wengi wataiweka juu. Ukiiomba isahihishe, mara nyingi inaandika upya, na sauti yako inapotea. Itumie kuuliza kanuni: kwa nini "licence" hapa na "license" pale? Jibu lihakikishe kwenye kamusi.

Ya mwisho ni duka la kutaipu linalouza "kuhariri" kwa bei ya soda. Duka lilelile ni zuri sana kwa kuchapa na kujalidi, na bado naenda. Siku hizi napeleka PDF, faili lisilobadilishwa kirahisi, kwenye flashi. Hapo wabonyeze watakacho, Labour itatoka na u yake.