Proxmox VE kwenye seva za ofisi ndogo: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kutunza seva za watu ambao hawataki hata kukumbuka kwamba wana seva. Duka la vipuri Kariakoo, zahanati, shule, ofisi za mawakala wa forodha. Mteja anachojua ni kwamba Tally, programu yake ya uhasibu, imefunguka au haijafunguka, basi. Nyuma ya hiyo Tally kuna mashine moja imewekwa chini ya meza au kwenye stoo yenye joto, mara nyingi Dell au HP iliyokwisha kutumika, imeletwa kutoka Dubai, na ndani yake zinaendeshwa mashine pepe tatu au nne, yaani kompyuta za programu zinazoishi ndani ya kompyuta moja.

Zamani, kuendesha mashine hizo nilikuwa naweka programu ya ESXi ya VMware, ile ya bure. Novemba 2023 Broadcom wakakamilisha kuinunua VMware, Desemba hiyohiyo leseni za kudumu zikaacha kuuzwa, na Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa. Ilirudi Aprili 2025, lakini wakati huo wateja wangu karibu wote nilikwisha kuwahamishia Proxmox VE, programu ya kazi hiyohiyo ya kampuni ya Vienna, Austria, ambayo imekuwepo tangu 2008.

Wengi huisifu kwa kuwa ni bure. Ni sifa, sikatai, ila kwangu si ya kwanza. Ninachoipendea ni kwamba ikigoma, inakwambia imegomea nini. Chini yake ni Debian ya kawaida, aina ya Linux, mashine pepe zinaendeshwa na KVM, sehemu ya Linux yenyewe, na logi, yaani kumbukumbu za matukio, zinasomwa kwa amri ya journalctl kama kwenye Linux yoyote. Fundi aliyezoea Linux hana lugha mpya ya kujifunza.

Kuiweka ni kazi ya nusu saa, sina la kusema hapo. Kuhamisha mashine kutoka ESXi kulikuwa na adha hadi toleo la 8.2, Aprili 2024, lilipokuja na uwezo wa kuzivuta moja kwa moja kutoka kwenye seva ya zamani. Hata hivyo Windows ina yake. Ondoa VMware Tools na weka madereva ya VirtIO, yanayoifanya Windows itambue diski na kadi ya mtandao za KVM, kabla hujaizima kule. Ikifika Proxmox, iwashe kwanza ikiwa na diski ya SATA, aina ambayo Windows inaitambua yenyewe, iongezee kidiski kidogo cha VirtIO SCSI ili dereva aamke, ndipo uigeuze diski kuu. Ukiruka hatua hiyo utakutana na skrini ya buluu inayosema INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Pia andika anwani ya IP kwenye karatasi. Kadi ya mtandao inakuwa mpya, na ukijaribu kuipa anwani ileile Windows italalamika kwamba inashikiliwa na kadi nyingine ambayo huioni tena.

Sasa nije kwenye hifadhi, kwa maana humo ndimo matatizo mengi ninayoitiwa yanapotokea.

Ofisi moja ya forodha walinipigia Jumamosi asubuhi. Seva ilikuwa imewekwa na fundi mwingine, mimi nilikuwa nimekabidhiwa karibuni. Karani hakuwa na salamu ndefu: "Fundi, mfumo umeganda na kontena la mteja liko bandarini." Nikaingia kwenye kivinjari, lango la mtandao namba 8006, nikakuta mashine zote mbili za Windows zina pembetatu ya njano na neno io-error. Maana yake ni kwamba QEMU, mwenza wa KVM katika kuendesha mashine pepe, ilijaribu kuandika kwenye diski, ikakataliwa, ikaona heri iisimamishe mashine kuliko kuiacha iendelee na faili nusunusu. Kwa hiyo pembetatu hiyo, pamoja na ubaya wake, ni ya kushukuru.

Nikaandika lvs, amri inayoonyesha hali ya hifadhi. Kwenye safu ya Data% ilisomeka 100.00. Hifadhi ilikuwa ya LVM-thin, aina inayokuruhusu kugawa diski kubwa kuliko uliyo nayo: diski halisi ni terabaiti moja, mashine zimeahidiwa karibu moja na nusu. Ni basi lililokata tiketi kuliko viti, likitumaini abiria wengine hawatatokea. LVM hutoa onyo siku unapotengeneza diski hizo, kwa maandishi yanayopita kwenye skrini, na baada ya hapo hunung'unikia kwenye logi tu, ambazo ofisini hakuna anayezisoma. Juu yake kulikuwa na snapshoti za zamani (picha za hali ya diski za siku zilizopita), kila moja imeshikilia data ambayo Windows ilikwisha kuifuta.

Fundi wengi wakiona mashine imeganda wanaiwasha upya. Hapa haisaidii: Windows ikiamka tu inataka kuandika, inakwama palepale, na safari hii umeikatiza kwa nguvu. Nikachomeka SSD nyingine, nikaiingiza kwenye kundi la diski za hifadhi kwa amri za pvcreate na vgextend, nikapanua hifadhi kwa lvextend, nikaangalia na Meta%, nafasi ya rejista ya hifadhi yenyewe, nayo isije ikawa imebana. Kisha nikabonyeza Resume, kitufe cha kuendeleza mashine. Tally ikaendelea kutoka ilipoachia, bila faili hata moja kuharibika. Saa ya Windows tu ndiyo ilibaki nyuma.

Snapshoti nilizifuta baada ya kupata nafasi, si kabla. Halafu nikaweka tiki kwenye Discard katika kila diski pepe, nikazima mashine na kuziwasha, na ndani ya Windows nikaendesha Optimize, inayoitaarifu hifadhi nafasi iliyofutwa. Bila hiyo Discard, ukifuta gigabaiti mia ndani ya Windows hifadhi ya chini haina habari kabisa. Inaamini bado zimejaa. Data% ikashuka mbele ya macho yangu, na karani akawa ameshasahau kama kulikuwa na tatizo.

Lawama yangu kwa Proxmox iko hapo. Itakutumia barua pepe nakala rudufu ikifeli, itakutumia pia seva ikianguka kwenye klasta (kundi la seva) yenye HA, yaani ulinzi wa kuhamisha mashine, ila hifadhi ikikaribia kujaa haisemi kitu. Mpaka wewe mwenyewe uifungue na kutazama. Kwa programu ya biashara hilo ni pengo. Mimi kila seva naiwekea kiskripti cha cron, kinachojiendesha kwa ratiba, kinachosoma lvs na kunitumia ujumbe ikivuka asilimia 80. Mistari michache tu, lakini ilipaswa kuwemo tangu kiwandani.

Ukichagua ZFS, mfumo mwingine wa hifadhi, badala ya LVM-thin, usiiweke juu ya kadi ya RAID, inayounganisha diski nyingi zionekane kama moja. ZFS inataka kuziona diski zenyewe. Na SSD za bei ya kompyuta za mezani zitachoka upesi; nunua za seva, hata zilizokwisha kutumika, mradi umesoma kwanza zimebakiwa na uhai kiasi gani. Seva zilizowekwa kabla ya toleo la 8.1 huacha ZFS ichukue hadi nusu ya RAM, kwa hiyo ukikuta gigabaiti 32 zimeisha na mashine ni mbili tu, anzia hapo.

Upande wa nakala rudufu sina malalamiko, nina mapenzi. Proxmox Backup Server ni programu pacha, nayo bure, naiweka kwenye kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa katika chumba kingine, kwa wenye uwezo katika jengo jingine. Inakata diski ya mashine pepe katika vipande vya mebibaiti 4 na kutuma vile tu ambavyo havimo kwenye nakala iliyopita. Hata kwenye intaneti ya ofisi, nakala ya usiku inapita. Mwalimu akifuta faili la matokeo ya mtihani, nafungua nakala ya jana kwenye kivinjari, nachukua faili hilo moja, namrudishia, mashine haiguswi.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya wageni wake. Umefuta nakala za zamani, unatazama diski, nafasi haijarudi. Haijaharibika. Kufuta kunaondoa orodha tu. Vipande vyenyewe huondolewa na kazi ya usafi, nayo haigusi kipande kilichotumika ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita. Kwa hiyo ukisubiri diski ijae ndipo ufute, siku nzima utakuwa huna nakala mpya.

Umeme nao una sehemu yake. UPS niliiunganisha kwa programu ya NUT, ikibaki chaji kidogo Proxmox inazima mashine zote kwa adabu. Kila mashine hupewa sekunde 180 za kujizima. Windows yenye SQL Server inayoshusha masasisho haizimalizi salama, hiyo naiongezea muda na kuiweka iwe ya kwanza kuzimwa.

Klasta ya seva mbili naulizwa sana, hasa na wateja waliosikia neno hilo kwa jirani. Jibu langu huwa hapana. Kila seva ina kura moja, na uamuzi unataka zaidi ya nusu ya kura. Moja ikianguka, iliyobaki inafunga mipangilio yake na kukataa kuwasha mashine ikisema haina akidi. Unaweza kuilazimisha kwa pvecm expected 1, au kuweka kura ya tatu kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, lakini ofisi ya watu kumi haihitaji maisha hayo. Seva moja nzuri na nakala inayorudishika zinawatosha.

Kuhusu malipo: ukiingia bila usajili, kidirisha kinakukumbusha kila mara, na apt, amri ya kuleta masasisho, inapigwa 401, yaani huruhusiwi, kwa sababu hazina ya masasisho iliyowekwa mwanzoni ni ya wanaolipia. Unabadili kwenda ile ya wasiolipia na kazi inaendelea. Masasisho yake hayajapikwa muda mrefu kama yale mengine, basi nasubiri kidogo kabla ya kuyaweka. Usajili wa chini kabisa ni zaidi kidogo ya euro 100 kwa mwaka kwa soketi moja ya CPU. Unakupa hazina hiyo lakini si mtu wa kumuuliza. Anayetaka kufungua tiketi (ombi la msaada) alipie ngazi ya juu yake, akijua kwamba wanahesabu siku za kazi za Austria, na Kariakoo Jumamosi ni siku ya mauzo.

Wapo ambao siwawekei. Mteja asiyetaka mkataba wa matengenezo, anayeita fundi yeyote anayepita, namwachia Windows Server na Hyper-V, programu ya Microsoft ya mashine pepe. Leseni ya Standard aliyokwisha kuilipia inamruhusu kuendesha Windows mbili pepe, na huyo fundi anayepita ataijua akiifungua.