Kibali cha ukaazi Ujerumani: msiinuke kitini kabla hamjakagua kisanduku

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa uhamaji wa Septemba 2024, haipiti wiki bila mtu kuniuliza kuhusu kibali cha ukaazi. Mambo ya fomu, ada na picha sitayagusa, hayo yamejaa kila mahali. Nina jambo moja tu ambalo hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka: kisanduku kimoja kwenye karatasi moja.

Niliingia Ujerumani kwa visa ya kitaifa ya kazi, yaani ya mtu anayekuja kukaa, si ya matembezi, nikaanza uuguzi hospitalini. Visa ile ni ya miezi michache, na kabla haijaisha unatakiwa uombe kibali chenyewe kwenye ofisi ya wageni ya mji unaoishi. Niliomba mapema, visa ikiwa bado hai kabisa, na barua pepe ya kuthibitisha kwamba maombi yamepokelewa ninayo. Kwa kuwa kibali hutolewa kama kadi, na kadi huchukua muda kutoka, hapo katikati wanakupa karatasi ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung. Na hapa niwape haki yao: sheria iliyo nyuma ya karatasi hiyo ni nzuri sana. Kifungu cha 81(4) cha Sheria ya Ukaazi kinasema ukiomba kabla ya visa yako kuisha, inahesabika kuwa bado hai mpaka watakapotoa uamuzi. Kazi unaendelea nayo, unasafiri na unarudi. Ofisi ikichelewa, mzigo wa kuchelewa kwake hubebi wewe.

Lakini karatasi hiyo ina visanduku vitatu, na afisa anatia alama kimoja. Cha kwanza ni cha mtu aliyeko nchini kihalali bila kibali, kwa mfano aliyeingia bila kuhitaji visa: kukaa kwake kunahesabika kuwa kumeruhusiwa. Cha pili ni cha aliyechelewa kuomba: kufukuzwa kwake kunahesabika kuwa kumesitishwa. Cha tatu ndicho kilichonihusu, kibali kinahesabika kuwa kinaendelea. Vimepangwa kimoja chini ya kingine, vidogo, na kati ya cha pili na cha tatu hapatoshi hata kidole. Mimi nikatiwa alama kwenye cha pili.

Niliiona palepale, kabla sijainuka. Nikamwambia yule afisa kwa upole, kwa Kijerumani nilichokisomea na kukifanyia mtihani kabla ya kupanda ndege, kwamba samahani, nadhani hapa pana kosa, mimi niliomba visa ikiwa haijaisha. Hakuinua uso. "Mfumo ndivyo unavyoonyesha." Nikamwekea ile barua pepe mezani, tarehe nimeipigia mstari kwa kalamu. Akaisukuma irudi upande wangu kwa ncha ya kidole, bila kuisoma hata neno, akasema karatasi niliyopewa inanitosha, nisiporidhika niandike malalamiko. Kisha akabonyeza kitufe, namba ya anayefuata ikalia ukutani nami bado nimeketi mbele yake. Euro 13 za karatasi hiyo nilikuwa nimeshalipa.

Kuna watakaosema ni alama tu. Si alama tu! Mwajiri Ujerumani analazimika kisheria kukagua kibali cha mfanyakazi mgeni na kuweka nakala. Dada wa ofisi ya wafanyakazi alipoisoma yangu alinyamaza, akaniangalia, kisha akaniuliza kama nina matatizo na polisi. Mimi, niliyekuwa nimetoka zamu ya usiku, mgongo unaniuma kwa kuwageuza wagonjwa kitandani, naulizwa habari za polisi. Yeye ni mtu mwema, nilipomweleza alielewa. Mkuu wake hakutaka kuelewa. Wakanitoa kwenye ratiba ya zamu mpaka "mambo yawe wazi". Safari ya kwenda kuwaona wazazi wangu nayo ikafa, maana kwa kisanduku kile ukishatoka nje ya nchi huna ruhusa ya kurudi.

Barua pepe nilizoandika zilijibiwa na mashine. Simu ilikuwa inaita mpaka inakata yenyewe. Miadi kwenye tovuti hakuna. Wenzangu wakaniambia nafasi hufunguliwa alfajiri, na ni kweli hufunguliwa, ila kabla hujamaliza kujaza jina zimekwisha. Kilichoniokoa ni baraza la wafanyakazi pale hospitalini, lile linalotetea wafanyakazi mbele ya mwajiri. Mama mmoja wa baraza hilo aliandika barua rasmi, akataja kifungu, akaambatanisha ile barua pepe yangu, akaituma kwa rejista. Mungu ambariki.

Baada ya hapo nikaitwa. Dirisha jingine, afisa mwingine, kijana. Aliisoma barua pepe tangu mwanzo hadi mwisho, akalinganisha tarehe na stika ya visa kwenye pasipoti, akasema, "Hapa tumekukosea." Akaandaa karatasi mpya, hakunitoza chochote, akaigeuza upande wangu ili niikague kabla ya kuondoka. Shughuli yote ilichukua muda mfupi kuliko nilioukaa kusubiri namba yangu ilie. Nilitoka pale nimewasamehe wote. Nilikuwa hata nimeamua kuandika kwamba ofisi ni nzuri, ila ina mtu mmoja mbaya.

Sasa ninapoandika sioni kwa nini niwasamehe. Kama kurekebisha ni rahisi hivyo, yule wa kwanza alishindwa nini? Barua pepe ni ileile, pasipoti ileile, mtu yuleyule. Mshahara wa zamu nilizokosa hakuna aliyenirudishia. Na mimi nilikuwa na baraza nyuma yangu. Anayefanya usafi maofisini usiku, asiye na mtu wa kumwandikia barua yenye vifungu, atatetewa na nani? Huyo atakaa na alama ile mpaka mwajiri amfute kazi.

Kadi yenyewe ilipokuja haikuwa na kasoro. Zinachapwa Berlin, jina langu limeandikwa sawasawa, na ruhusa ya kazi imeelezwa vizuri. Kwa hiyo mkiniuliza kama utaratibu wa Ujerumani ni mzuri nitasema ndiyo, kwenye maandishi ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Mkiniuliza kama huduma ni nzuri, hapo sina jibu moja, maana inategemea utaitwa dirisha gani asubuhi hiyo, na kitu kama hicho siwezi kukiita huduma.

Ukipewa karatasi hiyo, usiinuke. Kama uliomba kwa wakati ukiwa na visa ya kitaifa, tafuta mstari wenye kifungu cha 81, Abs. 4 (yaani kifungu kidogo cha 4), uone alama iko kwenye mstari huo na si kwenye mstari ulio juu yake. Ukiona iko kwingine, toa ushahidi wa tarehe ya maombi. Na afisa akikataa kubadilisha, mwambie akuandikie kwamba amekataa na sababu yake, aweke tarehe na jina lake.