TAHADHARI: Glavu "zilizosainiwa na Muhammad Ali"

Wakusanyaji wenzangu, nimepigwa. Someni kabla hamjapandisha dau.

Nilinunua kwenye mnada wa mtandaoni glavu ya ndondi yenye saini ya Ali. Ilikuja na cheti cha uhalisi, stika ya hologramu yenye namba, na maelezo kwamba aliisaini mwishoni mwa miaka ya 1990. Saini ni kubwa, imetiririka, haina mtetemo hata kidogo. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Ali aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono, mwaka 1984, na kadiri miaka ilivyokwenda saini yake ilizidi kusinyaa na kuyumba. Mimi nilikodolea macho stika.

Wiki tatu baadaye muuzaji yuleyule akaleta glavu nyingine. Nikailaza picha yake juu ya picha ya yangu: saini zikafunikana kabisa, mpaka kimkia cha herufi ya mwisho. Hakuna mtu anayesaini mara mbili bila tofauti yoyote. Hiyo ni mashine au muhuri.

Na cheti? Kampuni iliyokitoa sijaona ikithibitisha mali ya mtu mwingine zaidi ya huyo muuzaji. Wenye mnada nao wakanionyesha masharti yao: cheti ni "maoni", si dhamana, na muda wa kurudisha umepita. Masharti hayo yalikuwepo tangu mwanzo, sikuyasoma.

Mchezo huu si mpya. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, FBI iliunasa mtandao wa waghushi kwenye Operesheni Bullpen. Vyeti walikuwa navyo, na hata mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Mama Teresa na besiboli wapi na wapi!

Basi linganisheni saini na nyingine za miaka ileile, tena zenye historia inayojulikana. Kikagueni na kitu chenyewe: Babe Ruth, nyota wa besiboli wa Marekani, alifariki 1948, kwa hiyo mpira uliochapwa jina la Joe Cronin, aliyeshika urais wa American League (ligi ya besiboli iliyochapa jina la rais wake kwenye mipira) mwaka 1959, hakuugusa. Mthibitishaji mchagueni wenyewe, msiletewe na muuzaji.

Huyu wangu ameshabadilisha jina la akaunti mara moja. Picha bado anazipigia juu ya kitambaa kilekile chekundu.