Meza ya mabawa na benchi kwa fundi wa Majengo, Moshi: sebule na daining chumba kimoja

Habari zenu jamani, hii naandika kwa ajili ya sisi wa nyumba za kupanga ambao sebule na daining ni chumba hicho hicho, ukifungua mlango upo kwenye kochi, hatua tatu upo mezani. Tunakaa Pasua, chumba chetu ni futi 11 kwa 14, mlango wa kuingilia uko upande huu, wa jikoni upande ule, dirisha moja tu na linaangalia mlimani, asubuhi mawingu hayajapanda unaiona Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, vizuri kabisa ukiwa umekaa. Nyumbani tuko wanne. Ila Desemba ya Kilimanjaro mnaijua, ndugu wanashuka kutoka Dar na mizigo, wanapitia kwetu wanapumzika ndo wapande Marangu, wengine Rombo, na mtu hawezi kupita kwangu bila kula. Kwahiyo meza ya watu wanne haitoshi na ya watu sita haiingii, hiyo ndo shida niliyompelekea fundi.

Kabla yake tulishaumia. Tulinunua seti ya daining duka moja la mjini, meza ya kioo na viti sita vya migongo mirefu, pale dukani ilikaa vizuri sana kwa sababu duka lina nafasi na paa la juu, kufika nyumbani nikagundua nilipima ukuta tu, sikupima mtu akiwa amekaa. Kiti ukikivuta kinagonga kochi. Anayetoka jikoni na sufuria ya moto inabidi mtu ainuke ampishe, na mwanangu mdogo akawa anakula chini kwenye zulia kila siku, iliniuma sana hiyo. Muuzaji alituahidi kabisa kwamba isipofaa tutabadilishana ndani ya wiki, nilivyorudi siku ya nne akasema kilichotoka hakirudi. Tukaiuza, laki mbili na nusu ikaondoka hivo hivo.

Fundi huyu nilielekezwa na jirani, karakana yake iko Majengo, ni mzee wa makamo, ana vijana wawili. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakunitajia bei. Nilimpa shikamoo nikamuonyesha picha ya meza kwenye simu, akaiangalia akanirudishia simu akasema, "Mama, hiyo ni meza ya kwenye picha, mimi nataka nione chumba chako." Jumamosi akaja na futi na vipande viwili vya chaki.

Sasa hapa ndo nataka mnielewe maana hii ndo kazi yenyewe. Alitusaidia kusogeza kochi, akaichora meza chini sakafuni kwa saizi yake kamili, akachora na viti, alafu akaleta viti vya plastiki kutoka nje akaviweka juu ya michoro. Akaniambia, "Mama kaa hapo, jifanye unakula, na wewe baba pita nyuma yake na hilo hotpoti." Mume wangu akapita akanigusa bega. Mzee akafuta kwa kiganja, akachora upya, pita tena. Tulifanya hivo mara nne mpaka akapita bila kunigusa na bila kugeuka ubavu, ndo akapima pale: inchi 36 kutoka ukingo wa meza mpaka kochi. Akasema hiyo ndo njia, kwenye chumba kidogo unaanza na njia kwanza alafu kinachobaki ndo meza. Na kila anayekula anataka inchi 24 za upana ili viwiko visigombane, meza inchi 30 kwenda juu, kiti inchi 18. Hivi vipimo nimeviandika nyuma ya daftari la hesabu na nawapa bure.

Alichotutengenezea ni meza ya mabawa. Katikati kuna ubao mwembamba wa inchi 12 kwa 36, umebeba droo moja ya vijiko, na kila upande kuna bawa la inchi 24 linaloning'inia. Ikifungwa inakaa ukutani kama rafu, wala haionekani kama daining. Siku za kawaida tunafungua bawa moja, tunakula wanne bila shida. Wageni wakija tunaisogeza katikati tunafungua yote mawili, inakua futi 5 kwa 3, wawili kila ubavu na mmoja mmoja kwenye ncha, jumla sita. Mguu wa kushikilia bawa unafunguka kama geti, hamna kitu cha kuchomeka wala kupoteza, mwanangu wa miaka nane anaifungua mwenyewe.

Upande mmoja tunatumia benchi badala ya viti, refu futi 4, ukifunua kiti ndani ni sanduku. Hotpoti zote, mablanketi ya wageni, pasi, vyote viko humo. Kabla ya hapo vilikua juu ya friji na juu ya kabati, yani chumba kilikua kinaonekana kimejaa hata kama hakuna mtu. Pembeni ni stuli nne zinazopandana, zikimaliza kazi zinakaa kona moja kama stuli moja.

Mbao ni grivelia, ile miti mnayoiona kwenye mashamba ya kahawa huko juu imepandwa kwa ajili ya kivuli. Mimi nilitaka mninga, akaniambia mninga ni mzuri sana lakini bei yake itanila na meza yenyewe ni ya kusogezwa kila siku, nitachoka na uzito. Mume wangu akataja MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandamizwa, kwa sababu iko laini na bei ni poa, mzee akakataa, akasema nyumba yenye kupiga deki na watoto wa kumwaga chai MDF ikishaingia maji inavimba na haishuki tena. Na kweli grivelia ina uzuri wake ambao sikuujua, ukiitazama kwa pembeni mwanga wa dirishani ukiipiga unaona madoa madoa yanang'aa kama magamba ya samaki, ni ya mbao yenyewe sio rangi. Nikamwambia asiweke vanishi ya kahawia, apake ya kawaida isiyo na rangi ili yaonekane.

Bei ilikua 520,000 kila kitu, meza, benchi na stuli nne, kianzio 300,000. Kuleta nyumbani ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na nilimlipa dereva mwenyewe.

Sasa mapungufu, maana nisiposema nitakua nawadanganya. Alisema wiki mbili, ikaenda wiki tatu na siku nne. Nilikwenda pale nimekasirika kabisa, akanipeleka nyuma akanionyesha mbao zimepangwa kivulini na vijiti katikati hewa ipite, akasema moja bado ina maji na akiiunganisha hivo itajikunja nikiwa nayo ndani, hawezi. Hasira ikaisha kidogo, ila angenipigia simu siku kumi kabla ningekua nimejipanga. Simu yenyewe mchana hapokei, mashine zinalia hasikii, mtafuteni saa mbili asubuhi. La pili, bawaba ya bawa moja alifunga skrubu fupi, wiki ya pili ikaanza kulegea, nikapiga simu mara mbili ndo kijana wake akaja na ndefu, hakunidai hela. La tatu hatoi risiti, ameandika kwenye karatasi ya daftari na sahihi yake, mimi nimeipiga picha nikaitunza. Na harufu ya vanishi ilikaa kama siku tano, kama una mtoto mwenye kifua iacheni ikauke karakana kabisa kabla hamjaichukua.

Baada ya meza kukaa ndo nikaanza kuona chumba kinataka nini. Zulia nimelisogeza liwe chini ya makochi tu, upande wa meza nimeacha tailsi tupu, ukitazama unajua hapa sebule hapa pa kula bila kuweka kitu katikati, na kufagia makombo ni rahisi. Mapazia nilipata soko la Memorial hapa Moshi, mitumba mizito ya rangi ya krimu, bomba nimelipandisha karibu na dari na nimelipitisha pembeni ya dirisha karibu futi moja kila upande, mapazia yakifunguliwa yanakaa ukutani hayazibi kioo, mwanga wote unaingia na mlima unauona. Ukuta ulikua kijani iliyokolea, tumepaka krimu. Kwenye benchi nimeweka mito miwili ya kitenge, basi, hiyo ndo rangi yote ya upande ule.

Desemba iliyopita walikuja saba, shangazi na mume wake na watoto. Mtori nilitenga mezani, sita wakakaa, mtoto mmoja kwa mama yake, na mimi niliingia na kutoka jikoni na bakuli la moto hakuna aliyeinuka kunipisha. Shangazi alipomaliza kula akapitisha mkono juu ya mbao akauliza, "Mwanangu, hii ni grivelia ya kwetu?" Nikamwambia ndiyo. Akataka namba ya fundi hapo hapo.

Mimi kwa mzee huyu nimesharudi. Jumamosi iliyopita amekuja kupima kabati la viatu la nyuma ya mlango, michoro ya chaki iko sakafuni mpaka sasa, nimewakataza watoto wasipige deki upande ule mpaka tuhakikishe mlango unafunguka wote.