Kikapu cha milulu cha Iringa: kigeuze kwanza

Sokoni Iringa mjini vikapu vya milulu, majani marefu kama matete, hupangwa kwa rangi, na rangi ndiyo humpoteza mnunuzi. Wewe anza kwa kukigeuza kichwa chini.

Usikifananishe na kikapu cha ukili cha Pwani. Kile husukwa ukanda mrefu, kisha ukanda hushonwa kwa kuzungushwa. Cha milulu hufumwa tangu kitako hadi ukingo bila mshono: nyuzi mbili hupishana, zikizunguka milulu iliyosimama. Ndiyo maana kosa la kitakoni hupanda nacho hadi juu. Kiweke mezani, bonyeza ukingo upande mmoja kwa kidole. Kikiyumba, kirudishe, hakitanyooka. Kisha kielekeze kwenye mwanga uchungulie ndani. Vitundu vidogo vilivyoenea sawa si neno. Mstari wa mwanga mahali pamoja maana yake mkono ulilegea.

Minya ubavu taratibu. Kizuri hurudi umbo lake kimyakimya. Kikilia kama kuni kavu, milulu imekauka kupita kiasi na itakatika kwenye mikunjo.

Kwa uzuri, chagua chenye rangi yake ya majani makavu na michirizi michache tu ya zambarau au nyekundu. Vilivyojaa rangi vinapiga kelele. Vya rangi vyote vifute kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na doa, kikapu hicho kitachafua nguo siku ya mvua. Utaona pia mchoro ukiruka ngazi ndogo kila mzunguko unapoanza upya. Hilo si kosa, ufumaji wa kuzunguka ndivyo ulivyo. Fundi hodari huificha ngazi hiyo chini ya mpini.

Mipini ya ngozi imeongezwa kwa ajili ya wageni, na hapo ndipo penye udhaifu. Uzi wake ushike mistari kadhaa ya ufumaji; ukishika ukingo peke yake, kilo chache za viazi zitauchana.

Kikibonyea safarini, kinyunyizie maji kidogo, kijaze magazeti, kikauke kivulini. Jua hupausha rangi. Wa Mufindi na Makete, kwenye ukungu wenu, kitundikeni. Kikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki huota uvundo, na madoa yake meusi hayatoki. Samaki wabichi msiwatie humo, wapelekeeni ndoo.