Mac, Windows au Linux: ipi inamaliza kazi ya harusi hapa Kampala

Ninahariri video za harusi, za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha muoaji) na za kwaya, ofisi yangu iko Kansanga, na vijana wanaoanza kazi hii hawaishi kuniuliza wanunue kompyuta gani. Majibu wanayoyapata mtandaoni yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki na ambao hawahesabu megabaiti. Wanapima sekunde za kueksporti, wanachora jedwali, basi. Mimi naanzia pale bwana arusi anaponiletea kadi za kamera hadi pale anapoondoka na fleshi yake mkononi. Katikati hapo, mfumo gani unaniacha nifanye kazi?

Mezani nina mashine mbili na mifumo mitatu. Ya kwanza ni HP Z440 ya mtumba, mnara mzito uliostaafu ofisini ng'ambo ukaletwa huku, wenye prosesa ya Xeon E5-1650 v3, RAM ya GB 32 na kadi ya NVIDIA GTX 1660 Super. Nimeuwekea diski mbili, moja ya Windows 10 na nyingine ya Ubuntu Studio 24.04, ambayo ni Linux ya wahariri wa video na sauti. Ya pili ni Mac mini ya M4 yenye GB 16. Kote huko nafanyia kazi DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video ambayo inalipiwa dola 295 mara moja tu, na leseni yake haibagui mfumo. Najua kwamba kulinganisha Mac na Z440 ni kulinganisha mashine pia, lakini macOS haiuzwi peke yake. Ukiitaka, unanunua na chuma chake.

Nianze na picha zenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Wapiga picha ninaofanya nao kazi wanapenda Canon EOS R6. Ukipiga kwa Canon Log, yaani picha iliyofifishwa ili upange rangi baadaye, kamera hiyo inaandika H.265 (video iliyobanwa sana) ya biti 10, rangi za 4:2:2, yaani zenye taarifa nyingi za rangi kuliko video ya kawaida. Ni picha nzuri mno, ngozi zetu zinatoka na rangi yake halisi hata chini ya hema la rangi ya chungwa, lakini kuzifungua ni kazi ngumu. Kadi za NVIDIA hazikuwa na sakiti ya kufungua 4:2:2 mpaka zilipokuja RTX za mfululizo wa 50 mwaka 2025. Kwa hiyo 1660 yangu inakaa kimya, prosesa inabeba mzigo wote, na picha inakwamakwama, uwe Windows au Linux.

Kwenye kwanjula kuna pale ssenga, shangazi wa bibi arusi, anapopita katikati ya wageni kumtafuta muoaji. Anapita mbele yake makusudi, anarudi, watu wanapiga vigelegele, halafu anamshika bega. Nataka kukata kwenye fremu ileile ambayo mkono umetua, si fremu mbili baadaye. Kwenye Mac nashika kitufe cha mshale na picha inatembea na kidole changu, mbele na nyuma, kwa sababu chipu ya M4 ina sehemu yake maalumu ya kufungua H.265 ya aina hiyo. Kwenye Z440 nabonyeza, nasubiri, fremu inaruka, narudi tena. Ukifanya hivyo mchana kutwa unaanza kukata kwa kukisia, na mteja anaona.

Hata hivyo, sifa hiyo ni ya chipu kuliko ya macOS. Kompyuta ya Windows yenye Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu, ile yenye sehemu ya picha ndani ya prosesa yenyewe, inafungua faili hizohizo vizuri kupitia Quick Sync, sakiti ya Intel ya video. Muuzaji akikusifia kadi kubwa ya NVIDIA ya zamani kwa ajili ya video, muulize kwanza kamera yako inaandika nini. Na kama tayari una mashine kama Z440 yangu, tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) za DNxHR LB usiku, asubuhi utahariri bila kukwama kwenye mfumo wowote. Gharama yake ni nafasi ya diski na muda.

Muda huo, sasa, unahitaji umeme. Tangu Aprili 2025 UEDCL ndio wanaosambaza umeme baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika, lakini mimi bado nakaa na inveta na betri chini ya meza, na sioni nikiviondoa. Piga hesabu hii. Prosesa ya Z440 peke yake imepangiwa wati 140, kadi ya 1660 Super wati 125. Hizo ni 265 kabla hujagusa diski, feni na skrini. Mac mini ya M4, mashine nzima, Apple wanasema haizidi wati 65. Stima ikikatika katikati ya eksporti, Z440 inaninyima amani kabisa: nazima taa, nazima feni ya chumba, naangalia betri. Mac inaendelea, nami naendelea kupanga rangi. Mzee mmoja wa Arua, aliyeozesha binti yake, alikuwa akinipigia: "Mwanangu, ile sinema ya harusi tutaiona lini?" Mtu kama huyo humwelezi habari za transfoma. Kwa kazi yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kasi, na Mac inawashinda wote kwa mbali. Tena inakula kidogo Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla.

Kuna jambo la diski ambalo halisemwi vya kutosha. Mac inasoma diski zilizopangwa kwa NTFS ya Windows lakini haiandiki juu yake, kwa hiyo wote tunakimbilia mpangilio wa exFAT ili diski moja ipite kila mahali. exFAT haina jonali, yaani haiweki kumbukumbu ya kile ilichokuwa katikati ya kukiandika. Umeme ukikatika wakati huo, faili linaweza kuharibika, na wakati mwingine folda nzima. NTFS na ext4 ya Linux zina jonali, na APFS ya Mac ina njia yake ya kujilinda. Hariri kwenye diski iliyopangwa kwa mpangilio wa mfumo wako, exFAT iwe ya kukabidhi tu. Na ukirenda kwa Blender, programu ya picha za 3D, toa picha mojamoja za PNG badala ya video nzima, uondoe alama kwenye kuandika juu ya faili lililopo. Umeme ukirudi, inaanzia pale ilipoachia.

Windows bado ndiyo lugha ya mtaa. Nenda Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, na kadi ya mwaliko au bango la harusi: fundi atakuuliza faili la CorelDRAW au la Photoshop, na kompyuta yake ni ya Windows. CorelDRAW ipo pia kwa Mac, kwa Linux haipo. Adobe hawajaleta Premiere wala Photoshop kwa Linux. Maprodyuza wangu wa muziki wanaishi ndani ya FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, nayo ni ya Windows na Mac tu. Ukifanya kazi ya kupokezana na wenzako, unahitaji Windows au Mac, hakuna njia ya mkato.

Tatizo ni kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu binafsi walioandikisha nyongeza ya usalama wanasogezwa hadi Oktoba 2026 tu. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa zilizo kwenye orodha ya Microsoft, na Xeon yangu haimo. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa mjini ziko hivyohivyo: chuma kizima kabisa, nguvu tele, mlango umefungwa. Wapo mafundi wa kuupenyeza mfumo kwa nguvu. Kwa kompyuta inayoshika kumbukumbu za harusi za watu, siwezi kushauri hivyo. Halafu kuna bando. Data hapa inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na Windows inaposasisha kimyakimya inakula kilicholipiwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, weka muunganisho wako kuwa wa kupimiwa (metered), na usasishe siku unayotaka wewe.

Linux naipenda, na nataka niseme vizuri kwa nini. Ubuntu Studio imeirudishia Z440 uhai. Blender ipo ileile, inatumia kadi ya NVIDIA kama kawaida, na kwa rendi za Cycles, injini yake ya kurenda, sioni sababu ya kurudi Windows. Hakuna anayeiwasha upya mashine yangu usiku. Kwa sauti, PipeWire, mfumo wa kupitisha sauti, inakuja tayari imepangwa; narekodi kwaya kwa Reaper, programu ya kurekodi ambayo ina toleo lake la Linux, na kinasa cha USB kikachomekwa kikakubali bila draiva yoyote. Kijana ninayemfundisha anahariri kwa Kdenlive, bure, kihalali, bila programu ya wizi iliyojaa virusi. Jambo hilo lina uzito kwangu.

Ila Resolve kwenye Linux inataka uvumilivu. Toleo la bure huko halifungui H.264 wala H.265, kwa hiyo bila kulipia Studio huwezi kugusa hata video ya simu bila kuigeuza kwanza. Na ukishalipia, klipu za simu za wageni zimekuwa zikiniingilia bubu, kwa sababu sauti yake ni ya aina ya AAC, ambayo Resolve huko haikuwa ikiisoma. Dawa ni mstari mmoja wa ffmpeg, programu ya amri ya kugeuza faili: unanakili picha bila kuigusa, unageuza sauti kuwa PCM (sauti isiyobanwa), unatoa faili la MOV. Nimeuandika kama skripti inayopita folda nzima. Mtu asiyependa kuandika amri atachoka mapema.

Kwa hiyo, kijana mwenye pesa ya kununua mashine moja ya video: Mac mini ya M4, kwanza kwa ajili ya umeme, pili kwa ajili ya 4:2:2. Kwa Marekani bei yake ilianzia dola 599, hapa itazidi. Diski yake ya ndani ya GB 256 ni ndogo, weka bajeti ya diski ya nje, na RAM huwezi kuiongeza baadaye. Mwenye kazi ya uchapishaji au FL Studio, tafuta kompyuta ya Windows 11 yenye Intel ya kizazi cha 11 au zaidi. Mwenye mnara wa zamani tayari, usiuuze kwa bei ya chuma. Weka Ubuntu Studio, uutumie kwa Blender na sauti.

Na angalieni sana iMac za mtumba zenye Intel. Zinang'aa dukani, skrini yake ni nzuri kweli, na bei inavutia. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na katika iMac zote za Intel ni ile ya inchi 27 ya 2020 pekee inayoipokea. Kabla hujatoa pesa, bofya alama ya tufaha juu kushoto, fungua taarifa za mashine, usome mwaka na prosesa. Muuzaji akikataa uiwashe, nenda duka la pili.